Trei za Mayai

Miezi mitano nilidhani Azani anataka kufuga kuku.
"Dada Mwantumu, trei usitupe," ananiambia,
nami nazipanga nyuma ya friji, moja juu ya moja,
za kijivu, zinanuka karatasi iliyonyeshewa
ingawa hapa Maabela mvua ni habari ya redio.

Kumbe anazivika kuta.
Gereji alimoegesha gari marehemu baba yake
sasa imeota chunusi za kijivu hadi darini,
na juu ya zulia lililofukuzwa majlisi
kuna ngoma tano, magitaa mawili, spika kama kabati la vyombo,
na binti wa jirani, Ghaniya,
shahada yake ya uhandisi imekunjwa mkobani
kama risiti ya duka lililokwisha fungwa.

Wanapiga roki.
Sijui niieleze vipi.
Taarabu huomba radhi kwanza, ndipo ichome.
Hii huingia na viatu.

Wanaimba dirisha namba nne, wanaimba faili lililopotea,
wanaimba "rudi Jumapili",
Jumapili ambayo haijawahi kufika.
Huanza kwa Kiarabu; hasira ikipanda
huangukia Kiswahili cha bibi zao wa Ujiji,
maana, asema Ghaniya, kina mifupa.

Usiku wa Alhamisi nikawapelekea chai ya maziwa.
Yakubu wa besi alikuwa akifunga vidole plasta.
Ghaniya akanigeukia, shungi limelowa jasho:
"Dada, nipe neno. La mtu anayedai chake.
Lisiwe ombi."
Nilikuwa nimeshika sinia.
Neno lilikuwa mdomoni tangu mwaka juzi.
"Nirudishie," nikasema.

Wakalipenda! Azani akalihesabu kwa vijiti,
silabi tano, ngoma tano, akacheka.
Nirudishie miaka yangu. Nirudishie usingizi wa baba yangu.
Mara nane, mara kumi na sita,
spika ikakohoa, trei zikameza.
Hakuna aliyeuliza mimi nimelitoa wapi.

Nimelitoa droo ya pili, chumbani kwa Bi Zuwena,
mama yake Azani, mwanamke mwema,
hunipa dawa nikiumwa kichwa, huniita mwanangu mbele ya wageni.
Chini ya udi na picha za Kigoma imelala pasi yangu,
na ufunguo uko shingoni mwake.
"Nakutunzia," husema. "Usije ukaipoteza."
Mama yangu amezikwa Muheza
nikitunziwa.

Azani hajui.
Au anajua kama mtu anavyojua ana ini.
Asubuhi hupita jikoni, akanikuta nasugua sufuria
kwa mapigo yale yale, ni-ru-di-shi-e,
naye hugonga meza kuniitikia, hutabasamu,
huchukua chapati, huenda zake.

Na nikitoka nje kuanika mashuka
siku wanayofanya mazoezi, nasikia nini?
Mtetemo mdogo nyayoni, kama friji ya jirani.
Ukelele wote ule, vijana wanatoka sauti zimekauka,
na hasira imelala kwenye vikombe vya mayai
haijavuka hata kizingiti.

Leo adhuhuri, nyumba nzima imelala, viyoyozi vinanguruma,
nimeingia gereji na kisu cha samaki.
Gundi ilikuwa ngumu. Nimebandua tatu,
tatu tu, za ukuta unaotazama dirisha la Bi Zuwena,
nikazirudisha nyuma ya friji
nikanawa mikono kwa sabuni ya limau.

Wanaanza saa tatu usiku.
Bi Zuwena hulala mapema,
lakini usingizi wake, mwenyewe hujisifia,
ni mwepesi.